Chumba Kilichochorwa Mara Nne

Alhamisi, kabla ya kahawa ya saa nne asubuhi, Inspekta Onni Harju aliteremka hadi ukingoni mwa kisiwa akiwa na fimbo yenye ncha ya chuma, akaidunga barafu mara moja. Fimbo ikazama mpaka kiganjani. Alipoichomoa, maji meusi yalipanda taratibu kwenye tundu na kutandaa juu ya barafu, ambayo sasa ilikuwa na rangi ya majivu. Alirudi nyuma hatua mbili, akajifuta mkono kwenye koti.

Jumatatu alikuwa ameivuka barafu hiyo hiyo kwa miguu, kilomita kumi na moja kutoka bara, akiongozwa na mvuvi mmoja aliyekuwa akivuta kijisanduku cha mizigo. Yule mvuvi hakukubali hata kukaa anywe kahawa. "Upepo unageuka," alisema. "Ukilala huku leo, utalala mpaka meli zije." Harju alikuwa na maiti ya kukagua, akalala. Mvua ikaja kutoka kusini, na kulipokucha bahari haikuwa nchi kavu wala maji: dhaifu mno kwa mguu, nzito mno kwa mashua. Kila Aprili visiwa vya pwani ile hukatika hivyo kwa majuma mawili au matatu. Watu huweka unga, kuni na samaki wa chumvi, wakasubiri. Mwaka huo wa 1961, kwenye kisiwa cha Norrgrund, walikuwa wakisubiri pamoja na maiti, na mmoja wao ndiye aliyeua.

Juu ya kisiwa kulikuwa na nyumba moja tu ya maana, kituo cha utafiti wa mwani. Profesa Gunnar Elfving alikiongoza kwa miaka thelathini, hadi Jumapili asubuhi alipokutwa amelala sakafuni katika maabara yake, kichwa kimepasuliwa kwa chuma kizito cha kukandamizia mimea iliyokaushwa. Aliuawa Jumamosi jioni, wakati wenzake wakipokezana sauna, kila mtu akijua mwenziwe yuko kwenye mvuke au anatoka au anaingia, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Watu walikuwa wanne. Watatu walikuwa ndani ya nyumba. Wa nne, Mzee Eskil, mtunza mashua, alikuwa amefungiwa katika ghala la nyavu tangu Jumanne. Harju mwenyewe ndiye aliyemfungia.

Alipoingia jikoni, simu ya upepo ilikuwa ikikoroma. Sauti ya mkuu wake kutoka mjini ilikuja na kupotea.

"Ukungu huku haujaondoka," alisema mkuu. "Hakuna kitakachoruka wala kuelea. Lakini umemkamata mtu, sivyo?"

"Nimemkamata."

"Basi keti unywe kahawa, Harju. Wengine tunafanya kazi."

Mama Hilja, mpishi, alikuwa akikoroga supu ya njegere. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto. Hakugeuka.

"Huyo mtu wako uliyemkamata hali chakula," alisema. "Jana nimempelekea mara tatu, mara tatu nimerudi nacho. Ana miaka sitini na minne. Akikufia mle ndani utaniambia niandike nini kwenye orodha ya maiti?"

"Atakula akisikia njaa."

"Humjui Eskil."

Harju alichukua kikombe chake, akaketi pembeni ya dirisha, akafungua daftari. Alikuwa polisi kwa miaka ishirini na miwili. Alizoea kufunga watu. Hakuwa amezoea kufungwa pamoja nao, kula nao meza moja na kuwasikia wakikohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Na jambo lililomkera zaidi lilikuwa pale kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, likiwa na alama ya kuuliza: droo moja ya meza ya Profesa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, ufunguo uko katika mfuko wa kizibao cha marehemu, na ndani ya droo hamna kitu. Mtu hafungi droo tupu.

"Inspekta, una nafasi?"

Alikuwa Bi Saima Ranta, mchoraji wa kituo. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, nywele kijivu zimekatwa fupi, kidole cha kati kikiwa na sugu nyeusi ya penseli. Kazi yake ilikuwa kuchora mwani, jani kwa jani, kwa hadubini na kwa macho, ili Profesa auandikie vitabu. Tangu Harju afike, mama huyu alikuwa amejibu kila swali kwa maneno machache na kurudi juu kwenye meza yake.

"Ninayo nafasi ya majuma mawili," Harju alisema. "Keti."

Hakuketi. "Umetuhoji sote mara tatu. Tumekwambia nini?"

"Kwamba Mama Hilja alipeleka kahawa Jumapili saa moja, akapiga kelele, wote mkaja mkasimama mlangoni. Hakuna aliyeingia. Dokta Vaara akafunga mlango, ufunguo ukakaa kwenye aproni ya Mama Hilja mpaka nilipofika. Mmesema maneno yale yale, kama watu wanaoimba pamoja."

"Maneno ni rahisi," Bi Saima alisema. "Nikikwambia 'kulikuwa na meza,' nimemaliza. Ukinipa penseli, sijamaliza. Itabidi niamue ni miguu mingapi inaonekana, na kivuli kiko upande gani, na nini kimesimama mbele yake. Mtu akichora anajua kile alichokiona na kile alichodhani amekiona. Wape karatasi. Kila mtu achore kile chumba."

Mama Hilja aliacha kukoroga. "Mimi sijashika penseli ila kuandika unga na sukari."

"Si lazima kiwe kizuri," Bi Saima alisema. "Kiwe cha kweli tu." Tayari alikuwa na karatasi mkononi, tatu, zimekatwa sawasawa.

Harju alizihesabu. "Karatasi nne," alisema.

"Eskil, Hilja na Dokta. Ni watatu."

"Na wewe."

Bi Saima alizitazama zile tatu mkononi. Kisha akasema, "Ndiyo. Na mimi," akapanda ngazi kwenda kuchukua ya nne.

Harju aliwapa saa moja. Aliwaweka mbalimbali, Mama Hilja jikoni, Dokta Vaara katika chumba cha kulia, Bi Saima juu. Ya Eskil aliamua kuipeleka mwenyewe baadaye.

Mama Hilja alimaliza wa kwanza. Mchoro wake ulikuwa kama wa mtoto wa shule: meza imepinda, jiko la chuma kubwa kuliko dirisha, na Profesa ni kifurushi chenye viatu. Lakini juu ya jiko alikuwa amechora mstari mrefu unaoning'inia, na juu ya mstari alama ndogo tatu.

"Hii nini?" Harju aliuliza.

"Kamba ya kuanikia. Upande mmoja ilikuwa imekatika. Hivyo ni vibanio vyangu."

Harju aliikumbuka kamba. Jumatatu aliiona ikining'inia, akadhani ni kamba tu. "Ya kuanikia nini?"

"Kila kitu. Lile ndilo jiko linalokausha vizuri. Jumamosi mchana nilianika glovu za Eskil, alizilowesha akileta kuni. Moja aliirudia imekauka. Nyingine niliiacha pale."

Harju aliweka kikombe chini polepole. Glovu moja ya kijivu, ya mkono wa kushoto, ndiyo iliyomfungisha Eskil. Ilikutwa sakafuni, shubiri moja kutoka kichwa cha maiti. Dokta Vaara aliionyesha kwa kidole kabla Harju hajavua hata kofia.

"Uliianika wewe. Jumamosi mchana."

"Nimeshasema."

"Mama Hilja, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ni nani aliyekuwa na ugomvi na Profesa. Nikakwambia Eskil, kwa sababu Ijumaa waligombana. Hukuniuliza habari za kufua."

Basi Profesa alipoanguka alishika kamba, au aliigonga, na glovu ikaanguka pamoja naye. Harju alipiga mstari mrefu katika daftari lake. Kilichobaki juu ya Eskil ni ugomvi wa Ijumaa, ambao kisiwa kizima kiliusikia: Profesa alimwambia mzee kwamba mwaka huo ndio wa mwisho, atatafutwa mtu mwingine.

Dokta Reino Vaara alikuwa amevaa tai. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, msaidizi wa Profesa, na tangu Jumatatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha Profesa mezani bila mtu kumwambia. Mchoro wake ulinyooka kwa rula. Harju aliutazama kwa dakika nzima.

"Safi sana," alisema. "Kipimo cha hali ya hewa hiki, hapa ukutani."

"Kiko hapo miaka yote."

"Kilivunjika Jumatano ya juma lililopita. Kiko kwenye karakana ya Eskil, nimekiona kwa macho yangu. Na kiti umekichora kimesimama. Kilikuwa kimeanguka. Na Profesa umemlaza kichwa mlangoni. Alilala miguu mlangoni, Dokta. Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa karibu nanyi. Mpishi ameviona."

Vaara alilegeza tai. "Mchoro wa kumbukumbu hauwezi kuwa..."

"Ulinieleza, na ukatia sahihi, kwamba ulisimama pale mlangoni dakika tatu ukichunguza chumba kama mwanasayansi. Hukuchunguza chochote. Umechora chumba unachokijua, si chumba ulichokiona. Sasa niambie kwa nini. Mtu anayedanganya kuhusu Jumapili asubuhi huenda ana sababu ya Jumamosi jioni."

Uso wa Vaara ulibadilika rangi. Kwa muda Harju alidhani amempata. Mtu mwenye haraka ya kumfungisha mwingine, mwenye kituo kizima cha kurithi.

"Sikutazama," Vaara alisema hatimaye, sauti ndogo. "Niliona damu nikafumba macho. Nilisukuma mlango nikiwa nimefumba. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Ulipofika ukafungua, nikachungulia kwa jicho moja, nikaona ile glovu tu. Nilitaka... nilitaka nionekane nimefanya jambo la maana."

"Nyuma ya nyumba, wapi?"

"Kando ya pipa la maji ya mvua."

Harju alikwenda kwenye mlango wa jikoni. "Mama Hilja, kando ya pipa la maji ya mvua kuna nini?"

"Uchafu wa Dokta," mama alijibu bila kugeuka. "Nimeumwagia majivu siku ya Jumapili. Sikutaka kumwaibisha."

Ghala la nyavu lilikuwa hatua sitini kutoka nyumbani. Mzee Eskil alikuwa ameketi kwenye rundo la nyavu kuukuu, blanketi mabegani, ndevu zimesimama. Bakuli la supu lilikuwa limepoa mlangoni.

"Hujala, Mzee."

"Chakula cha mfungwa? Sikuua, sili."

Harju alimpa karatasi na penseli, akamweleza. Eskil alicheka kidogo kwa puani. "Mmefikia kuchora? Kweli barafu mbaya mwaka huu." Lakini aliipokea. Aliiweka karatasi kwenye goti, akaisukuma mbali mpaka mkono ukanyooka kabisa, akarudisha kichwa nyuma. Harju aliyaona hayo.

Meza ilikuwa mraba. Jiko mraba. Profesa hakuwepo kabisa. Kisha mzee alifika kwenye dirisha la maabara, na pale penseli ikaanza kutembea: nje ya kioo alichora barafu iliyobanana na kupanda kama paa lililovunjika, nguzo ya njia ya barafuni imelalia kushoto, na zaidi yake ufa mmoja mrefu unaopinda mara mbili. Harju aliufahamu ufa ule. Alikuwa ameuruka Jumatatu.

"Profesa yuko wapi?"

"Chini huko. Nilisikia wamesema."

"Hukumwona?"

Eskil alirudisha karatasi. "Naona nguzo ya njia kilomita mbili. Mkono wangu mwenyewe siuoni vizuri tangu majira ya joto. Nilimficha Profesa jambo hilo; mtu asiyeiona injini yake atapewa mashua ya nini? Ijumaa alinipa karatasi nisome, nikaigeuza juu chini. Ndiyo ule ugomvi."

Harju alitoa maelezo ambayo Eskil alikuwa ametia sahihi Jumanne. Sasa aliona kile alichopaswa kukiona siku ile: jina la mzee lilikuwa limeandikwa katikati ya ukurasa, juu ya maneno mengine.

"Na Jumamosi jioni? Uliniambia ulikuwa pwani ukisikiliza barafu."

"Ndicho nilichokuwa nikifanya. Naisikiliza, sasa kwa kuwa siwezi kusoma kipimo. Ilikuwa inalia kutoka kusini. Wewe ungeniamini?"

Harju aliwaza ile droo. Tundu la ufunguo wake lilikuwa dogo kama punje ya ngano, na mtu aliyeifunga alifanya hivyo baada ya kuua, akaurudisha ufunguo kwenye mfuko mdogo wa kizibao, bila kukwaruza mbao na bila kugusa damu. Kazi ya jicho la karibu na mkono mtulivu. Alisimama haraka kuliko alivyokusudia.

"Kula hiyo supu, Mzee. Tafadhali."

Chumba cha Bi Saima kilikuwa juu kabisa, dirisha lake likitazama kaskazini kwa ajili ya mwanga. Bakuli za maji ya chumvi zilipangwa ukutani, kila moja na kipande cha mwani. Mchoraji alikuwa ameketi, mikono mapajani. Karatasi yake ilikuwa mezani, uso juu, imegeuzwa kuelekea mlango.

Ulikuwa mchoro wa kustaajabisha. Kila kitu kilikuwepo, kiti kilichoanguka, kamba iliyokatika, hata chembe za majivu mbele ya jiko. Harju aliinama akautazama kwa muda mrefu, na mwanzoni hakuweza kusema kimemshtua nini. Kisha akaona. Katika mchoro wa Mama Hilja dirisha lilikuwa mbele, kule mwisho. Katika wa Eskil vilevile, na hata katika wa Vaara. Hapa, kule mwisho palikuwa na mlango, na mlango umefungwa. Na karibu kabisa na mtazamaji palikuwa na upande wa meza usioonekana kutoka mlangoni, na droo yake imevutwa nje, imejaa karatasi.

"Umechora kutoka dirishani," alisema.

"Ndiyo."

"Jumapili hakuna aliyefika dirishani. Nilipofika mimi droo ilikuwa imefungwa, na tupu."

"Ndiyo."

Harju aliinua karatasi kwenye mwanga. Chini ya mistari palikuwa na mistari mingine, hafifu, iliyofutwa: chumba kile kile, kimetazamwa kutoka mlangoni. Kilikuwa kimeanzwa na kufutwa, kikaanzwa tena na kufutwa tena, hadi karatasi ikatoka manyoya.

"Nilijaribu," Bi Saima alisema. "Pale mlangoni nilisimama nyuma ya bega la Hilja. Sikuona kitu, na nilikuwa nikijitahidi nisione. Kila nilipoweka penseli, mkono haukuwa na cha kuchora."

"Ungekisia."

"Miaka thelathini na mmoja sijachora kitu cha kukisia. Hata leo imenishinda."

Harju alivuta kiti, akaketi kati yake na mlango. Aligundua kwamba lilikuwa tendo la bure. Angekimbilia wapi? "Droo ilikuwa na nini?"

Bi Saima alifungua jalada kubwa la kadi na kutoa michoro miwili ya mwani wa kahawia, ule unaoshika mawe kila mahali pwani ile. "Hii. Ilikuwa mia nne na kumi. Imebaki mia moja na kumi na miwili. Tazama. Unaona nini?"

"Mwani."

"Mmoja au miwili?"

Harju alitazama mmoja, akatazama wa pili. "Mmoja. Umeuchora mara mbili."

"Ndivyo alivyosema yeye. Chukua penseli."

"Bi Saima, mimi nimekuja..."

"Tuna majuma mawili. Nipe robo saa."

Hakujua kwa nini alikubali. Labda kwa sababu mama yule aliomba kwa sauti ya mtu asiye na kingine cha kuomba. Alinakili wa kwanza, kwa shida, ulimi kwenye pembe ya mdomo. Alichora tawi, likagawanyika, na kando ya mgawanyiko vifuko viwili vya hewa, kisha likagawanyika tena na vifuko vingine viwili. Akaanza wa pili. Mkono ukaenda kwenye mgawanyiko, tayari kuweka vifuko, ukasimama. Havikuwepo. Akashuka hadi shinani, na pale, ambapo wa kwanza ulikuwa na mguu mmoja mnene, wa pili ulikuwa umechipua vijiti vyembamba vitano, sita, kila kimoja kikijaribu kuwa mwani kivyake. Akarudi kwenye wa kwanza kuhakikisha. Tofauti ilikuwa wazi kama pua na mdomo. Hakuelewa vipi dakika kumi zilizopita hakuiona.

"Ni miwili," alisema.

"Ni miwili. Niliigundua majira ya baridi ya mwaka arobaini na tisa, nikichora. Si kwa akili, kwa mkono, kama wewe sasa hivi. Nikachora tena na tena, kila ghuba, kila mwezi, nisije nikawa nimekosea. Kitabu chake kinasema ni mmoja. Miaka kumi na miwili nilimwomba aketi kama ulivyoketi wewe, robo saa. Alikuwa akisema, 'Saima, wewe chora, kufikiri niachie mimi.'"

"Na Jumamosi?"

"Nilimwambia nitaipeleka michoro mjini mwenyewe barafu ikiondoka. Niliingia nikamkuta anaitia kwenye jiko. Hakuwa na hasira hata. Alikuwa akiitia mmoja mmoja, kama mtu anayepasha chumba moto. Sikumbuki kukiinua kile chuma. Nakumbuka kukiosha." Aliitazama mikono yake. "Nikachukua iliyobaki, nikafunga droo. Kisha nikasimama dirishani nikitazama mlango. Nilisimama sana. Nilidhani mtu ataingia. Hakuna aliyeingia."

Hivyo ndivyo mlango ule ulivyochorwa, Harju aliwaza, kila ufa wa mbao, kila msumari.

"Siku tatu Mzee Eskil yuko ndani kwa ajili yako," alisema.

"Nilijiambia barafu ikiyeyuka mtampeleka mjini, watamwona haoni, watamwachia. Jana Hilja akasema hali chakula."

"Ungeniambia tu. Jana hiyo hiyo."

"Nilishuka ngazi mara mbili kukwambia. Maneno hayakutoka." Alisukuma mchoro wa chumba kuelekea kwake. "Nikafikiri, angalau nikichora."

Harju aliukunja mchoro, akauweka ndani ya daftari, akamsomea maneno ambayo sheria ilimtaka amsomee. Aliyasoma yote, polepole, ingawa alikuwa na msikilizaji mmoja na wote wawili walijua. Kisha akamwambia achukue koti na soksi nzito. Kisiwani palikuwa na mlango mmoja tu wenye kufuli ya nje.

Walishuka ngazi. Vaara alisimama kutoka kwenye kiti cha Profesa. Mama Hilja alitazama koti, akatazama uso wa Inspekta, akaketi ghafla kwenye sanduku la kuni na aproni yake ikawa usoni.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Harju alifungua kufuli ya ghala la nyavu. "Mzee Eskil, toka. Uko huru."

Eskil alitoka akikunja macho. Bakuli lake lilikuwa tupu. Alimwona Harju, kisha kile kivuli chembamba nyuma yake, na kwa kuwa kilikuwa mbali kidogo, alikiona vizuri. Alilitazama koti lake, na soksi alizoshika. Harju alisogea, akiwa tayari kuingia kati yao.

Mzee aligeuza sikio kuelekea baharini. Barafu ililia mahali fulani, mbali, kama mlango mkubwa unaofunguliwa.

"Siku ngapi bado, Mzee?" Harju aliuliza, ili tu kuwe na sauti.

"Tisa. Kumi na mbili upepo ukilala." Eskil alivua blanketi mabegani. Alimkaribia Bi Saima hadi uso wa mama yule bila shaka ukawa ukungu machoni pake, akampa. "Usilalie upande wa kushoto, Saima," alisema. "Ukuta wa kushoto unapitisha maji. Vuta nyavu kulia, uzipange tatu, nne, ndipo utapata joto. Na asubuhi jua linaingia kwenye ufa wa juu ya mlango, kama saa nzima hivi. Linatosha kuchora."

Bi Saima alilipokea blanketi kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama. Aliinama chini ya mlango, akaingia, na kutoka gizani wakasikia nyavu zikiburutwa, kuelekea kulia. Harju alisubiri mpaka zikatulia. Kisha akageuza ufunguo.